Gitaa limevimba, nyuzi zimepanda? Jinsi ya kulilinda gitaa lako na unyevu na joto nyumbani

Chukulia kijana anayepiga gitaa kwenye kwaya huko Temeke, Dar es Salaam. Amejinyima miezi kadhaa, akanunua gitaa la akustika la mbao halisi. Miezi ya mwanzo kila kitu kiko sawa. Masika yanaingia, mwezi wa tano unafika, na mambo yanabadilika. Nyuzi zimepanda juu mpaka vidole vinauma. Sauti imekuwa nzito, kama gitaa linapigwa chini ya blanketi. Akityuni, nyimbo mbili tu limeshatoka.

Anaingia mtandaoni kutafuta msaada. Video ya kwanza, ya pili na ya tatu zinamwambia jambo lile lile: gitaa limekauka, tafuta sponji maalumu, ilowanishe maji, ining'inize ndani ya tundu la gitaa. Anafanya hivyo. Wiki chache baadaye daraja, yaani kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi juu ya tumbo la gitaa, linaanza kuachia.

Video zile hazikusema uongo. Zilitengenezwa na watu wa nchi zenye majira ya baridi kali, ambako nyumba hupashwa joto kwa mashine na hewa ya ndani hukauka kupita kiasi. Huko sponji yenye maji inaokoa gitaa. Temeke hali ni kinyume kabisa. Gitaa la yule kijana lilikuwa limeshiba maji tayari, naye akaliongezea mengine.

Hili ndilo kosa linaloharibu magitaa mengi ya Pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja, Dar es Salaam na Mtwara: kutibu ukavu mahali ambapo ugonjwa ni unyevu. Kabla ya kununua chochote, mwenye gitaa anatakiwa kujua adui wake ni yupi.

Kwa nini mbao zinasumbuka

Mti ukishakatwa na kuwa mbao, hauachi kunywa maji. Mbao huvuta unyevu kutoka hewani hewa inapokuwa na maji mengi, na huutoa hewa inapokauka. Ndiyo maana mlango wa mbao unakwama wakati wa masika na kufunguka vizuri kiangazi.

Mbao iliyokaa muda mrefu kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hubeba maji ya karibu asilimia 9 ya uzito wake. Kwenye hewa ya asilimia 80, hufika karibu asilimia 16. Kwa gitaa lenye kilo moja na nusu ya mbao, tofauti hiyo ni kama gramu 100 za maji, sawa na nusu kikombe cha chai. Maji hayo huyaoni wala huyashiki, lakini yamo ndani ya mbao.

Maji yakiingia, mbao hupanuka. Haziongezeki sana kwa urefu, zinapanuka kwa upana. Sasa uso wa gitaa la akustika ni ubao mwembamba wa milimita 3 au pungufu, na upana wake kwenye sehemu pana ni kama sentimita 40. Hewa ikitoka asilimia 50 hadi 80 na kukaa huko, ubao huo unataka kupanuka milimita kadhaa. Kwa kuwa umegundishwa pande zote, hauna pa kwenda. Unavimba kuelekea juu.

Hapo hapo kuna nyuzi. Nyuzi sita za chuma za saizi nyepesi zikityuniwa kawaida huvuta kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi. Ni kama mfuko wa saruji wa kilo 50 na ndoo ya maji ya lita 20, vyote vinavuta daraja moja usiku na mchana. Nyuzi za nailoni huvuta karibu kilo 40. Mbao zikiwa na afya zinabeba mzigo huo miaka na miaka. Zikivimba na gundi ikilegea, mzigo unashinda.

Hewa ikikauka, yanatokea ya upande wa pili. Uso unabonyea, mbao zinasinyaa, na kwa kuwa zimeshikwa na gundi pande zote, zinapasuka. Uvimbe mara nyingi hupungua wenyewe unyevu ukishuka. Ufa hauzibiki wenyewe.

Asilimia ngapi ndiyo salama?

Kampuni kubwa za magitaa za Marekani kama Martin na Taylor hushauri gitaa la mbao likae kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Joto linalolifaa ni lile ambalo mtu naye anajisikia vizuri, kama nyuzijoto 20 hadi 25.

Asilimia hizi zinasoma hivi: hewa ya asilimia 80 imebeba sehemu 80 kati ya 100 za maji yote inayoweza kubeba kwa joto lile. Hewa ya moto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Hivyo hewa ile ile ikipozwa bila kuondolewa maji, asilimia yake inapanda. Ndiyo sababu alfajiri kunakuwa na unyevunyevu zaidi kuliko saa nane mchana, hata kama mvua haijanyesha.

Pwani ya Afrika Mashariki, unyevu hukaa juu ya asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na asubuhi nyingi hupita 80. Kwa hiyo kuifikia asilimia 50 kwenye nyumba ya kawaida isiyo na AC ni vigumu. Lengo la kweli kwa mtu wa Pwani ni mambo mawili: kuishusha iwe karibu na 60 ndani ya boksi la gitaa, na kuzuia isipande na kushuka kila siku. Gitaa linaweza kuzoea asilimia 60 iliyotulia. Kinachochosha mbao na gundi ni kutoka 50 kwenda 85 na kurudi, kila siku, mwaka mzima.

Bara ni hadithi nyingine. Dodoma kiangazi, unyevu wa mchana unaweza kushuka chini ya asilimia 40. Huko ile sponji ya kwenye video inaanza kuwa na maana.

Soma dalili kabla ya kutibu

Gitaa lenyewe linasema linaumwa nini. Dalili za maji kuzidi ni hizi:

• Nyuzi zimepanda mbali na shingo na kupiga kumekuwa kugumu.
• Uso umevimba nyuma ya daraja. Uvimbe mdogo ni wa kawaida kwa magitaa mengi. Tatizo ni pale unapoongezeka.
• Sauti imezibwa, haina mwangwi kama zamani.
• Nyuzi zinapata kutu haraka, na ndani ya tundu kuna harufu ya ukungu.

Dalili za ukavu ni hizi:

• Ukipitisha mkono pembeni mwa shingo, ncha za freti zinakwaruza. Mbao zimesinyaa, vyuma vimebaki vilevile.
• Nyuzi zimeshuka na zinagonga freti, zinatoa mlio wa kukereketa.
• Uso umebonyea kati ya tundu na daraja.
• Kuna mstari mwembamba wa ufa unaofuata mistari ya mbao.

Kuna kipimo rahisi cha kumaliza ubishi. Gitaa likiwa zima na limetyuniwa, chukua rula ndogo upime nafasi kati ya uzi mnene kabisa na juu ya freti ya 12. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, mara nyingi nafasi hiyo ni kama milimita 2 na nusu. Piga picha, iandike kwenye simu pamoja na tarehe. Pima tena kila baada ya miezi miwili. Ikipanda kwa nusu milimita au zaidi bila kubadilisha chochote, maji yameingia. Ikishuka, gitaa limekauka.

Kipima unyevu kwanza, vingine baadaye

Watu wengi hununua dawa kabla ya kupima. Kipima unyevu kidogo cha dijitali kinaingia ndani ya begi la gitaa bila shida, na ni bei ndogo ukilinganisha na kazi moja ya fundi ya kurudisha daraja lililong'oka.

Vipima vya bei nafuu vingine hudanganya kwa asilimia 5 hadi 10. Kujua kama chako ni mkweli, tumia chumvi ya jikoni:

1. Weka chumvi kijiko kimoja kwenye kifuniko cha chupa ya maji.
2. Dondoshea maji kidogo kidogo mpaka iwe kama uji mzito. Isiyeyuke yote.
3. Weka kifuniko hicho na kipima ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri au kopo la plastiki lenye mfuniko. Chumvi isikiguse kipima.
4. Funga, acha usiku kucha.

Hewa iliyofungiwa na chumvi ya namna hiyo hutulia kwenye asilimia 75. Kipima kikisoma 75, kiko sawa. Kikisoma 70, kila siku ongeza 5 kichwani. Kikisoma 80, toa 5.

Baada ya hapo kiweke ndani ya begi au boksi la gitaa, siyo ukutani. Hewa inayohusika ni ile inayoligusa gitaa.

Gitaa lilale wapi?

Mahali pazuri ni ndani ya boksi lake gumu, limefungwa, kwenye chumba cha katikati ya nyumba. Boksi gumu haliondoi unyevu, ila linapunguza kasi ya mabadiliko. Nje ikipanda na kushuka mara mbili kwa siku, ndani mabadiliko yanafika yakiwa yamepoa. Begi la kitambaa linasaidia kidogo, hasa lenye sponji nene, lakini siyo kama boksi.

Maeneo ya kuepuka ni haya:

• Juu ya kabati kwenye nyumba ya bati isiyo na dari. Mchana joto lote linakusanyika pale juu.
• Chini kwenye sakafu ya saruji. Sakafu nyingi zinapitisha unyevu kutoka ardhini, hasa masika. Weka juu ya stuli, kitanda au kipande cha mbao.
• Kwenye ukuta wa nje, hasa unaopigwa na mvua au jua la jioni. Kama ni lazima kulitundika, tumia ukuta wa ndani.
• Karibu na dirisha, jiko au mlango wa bafu.
• Mbele ya AC au feni inayopuliza moja kwa moja.

Usilifunge kwenye mfuko wa nailoni ukidhani unazuia maji. Mfuko unafungia ndani unyevu ulioingia nao, na baada ya muda ukungu unaota. Kwenye chumba kisicho na AC, begi lifunguliwe saa za mchana mkavu mara moja moja ili hewa ipite, kisha lifungwe kabla ya jioni.

AC: rafiki mwenye masharti

AC ikiwa inafanya kazi inapooza hewa na kuitoa maji. Yale matone yanayodondoka kwenye bomba nje ya nyumba ndiyo maji yaliyokuwa chumbani. Chumba chenye AC kinaweza kushuka hadi asilimia 50 na kitu, yaani pale pale gitaa linapopenda.

Shida ni kuwasha na kuzima. Usiku chumba kiko 55, asubuhi AC imezimwa, dirisha limefunguliwa, saa mbili baadaye kimefika 80. Umeme ukikatika, hali ni hiyo hiyo bila hata kupanga. Gitaa lililotundikwa ukutani kwenye chumba cha hivyo linapata tabu kuliko la jirani asiye na AC kabisa.

Dawa yake ni utaratibu. Lipige AC ikiwa imewashwa, likaushe kwa kitambaa, lirudishe kwenye boksi na ulifunge kabla ya kuzima AC. Hivyo boksi linafungwa likiwa na hewa kavu ndani.

Jambo jingine ni kutoka kwenye baridi kuingia kwenye joto. Hewa ya nyuzijoto 30 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kuacha maji juu ya kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzijoto 24. Ndicho kinachofanya chupa ya soda itoke jasho mezani. Gitaa lililokuwa kwenye chumba cha nyuzijoto 20 likitolewa ghafla ukumbini, nalo linatoka jasho, kwenye nyuzi, kwenye mashine za kutyunia na juu ya vanishi. Likifika, liache ndani ya boksi lililofungwa kama nusu saa hivi, kisha ufungue.

Silika jeli, mchele na mkaa

Silika jeli ni zile punje zilizomo kwenye vipakiti vidogo ndani ya boksi la viatu au simu. Zinafanya kazi kweli. Tatizo ni kiasi. Kipakiti cha gramu 5 kinavuta gramu moja au mbili tu za maji, wakati mbao za gitaa zinaweza kuwa na gramu 100 za ziada. Vipakiti viwili vya kwenye viatu ni sawa na kukausha sakafu iliyofurika kwa leso.

Kwa boksi la gitaa, anza na silika ya gramu 100 hadi 200, igawe kwenye mifuko midogo ya kitambaa, uiweke karibu na kichwa cha gitaa na chini ya shingo. Angalia kipima kila siku. Ikishuka chini ya 45, toa sehemu ya mifuko, maana silika nyingi kwenye boksi linalofunga vizuri inaweza kukausha kupita kiasi.

Baadhi ya punje hubadilika rangi zikishiba. Zikishiba hazitupwi. Zikaushe kwenye oveni ya nyuzijoto 120 hivi kwa saa mbili, zitarudi kazini. Tumia chombo cha zamani ambacho hakitapikiwa tena, hasa kwa punje za bluu, kwa kuwa rangi hiyo ina sumu. Ziwekwe mbali na watoto.

Zipo pia pakiti za pande mbili, kama Boveda na Humidipak ya D'Addario, zinazovuta maji yakizidi na kuyatoa yakipungua. Ni nzuri, ila Pwani zinashiba haraka na bei yake siyo ndogo. Ndani ya boksi gumu zinadumu zaidi, ndani ya begi la kitambaa ni hasara.

Kuhusu mchele kwenye soksi: unavuta maji kidogo sana, unaacha vumbi na unaita wadudu. Mkaa unavuta kidogo na unachafua. Chumvi ni hatari, kwa sababu ikishiba inageuka maji ya chumvi yanayovuja na kula vyuma. Naftalini hufukuza nondo, haikaushi hewa. Na kulianika gitaa juani "likauke" ni njia ya haraka ya kulipasua.

Joto: gari na bati

Unyevu unaua taratibu. Joto linaweza kuua mchana mmoja. Gundi nyingi zinazoshikilia magitaa huanza kulegea joto linapofika nyuzijoto 60 na kuendelea. Gari lililofungwa vioo juani linaweza kufika huko, hasa chini ya kioo cha nyuma. Kwa mvuto wa kilo 70 juu ya daraja, saa chache zinatosha.

Kanuni ni moja: mahali usipoweza kumwacha mtoto, usiliache gitaa. Kama mazoezi ni jioni na unapita kazini kwanza, ingia nalo ofisini. Ukigundua limepata joto kali, usilipige wala usilikimbize kwenye AC. Legeza nyuzi, liache lipoe taratibu kivulini ndani ya boksi.

Safari ya Dar hadi Dodoma

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, gitaa linaweza kutoka kwenye hewa nzito ya Pwani na kufika kwenye hewa kavu ya Bara kwa saa chache. Mwimbaji anashuka akiwa sawa, gitaa bado linajiuliza.

Kabla ya safari, legeza nyuzi kidogo, hatua moja au mbili za sauti. Usizifungue kabisa, kwa sababu shingo imetengenezwa kuvutana nazo. Toa silika kwenye boksi kama unaelekea sehemu kavu. Ukifika, acha boksi limefungwa saa kadhaa, kisha tyuni. Ukikaa huko wiki na zaidi kiangazi, na kipima kikawa kinasoma chini ya 40, hapo sasa sponji yenye unyevu ina kazi. Ikamue vizuri, isidondoshe hata tone moja.

Vivyo hivyo kwa aliyeletewa gitaa na ndugu kutoka Ulaya kipindi cha Desemba. Limetoka kwenye nyumba kavu yenye joto la mashine, linaingia Pwani kwenye kaskazi. Litavimba. Lipe wiki kadhaa ndani ya boksi lenye silika, na usikimbilie kwa fundi kukata daraja au kushusha nyuzi siku ya tatu.

Usafi unaookoa nyuzi

Jasho la mikono lina chumvi, na chumvi inavuta maji. Osha mikono kabla ya kupiga. Ukimaliza, futa nyuzi juu na chini kwa kitambaa kikavu cha pamba, pamoja na shingo. Ni kazi ya dakika moja, na inaongeza umri wa nyuzi waziwazi.

Ubao wa freti ambao haujapakwa vanishi, ule mweusi au kahawia, unaweza kupakwa mafuta maalumu ya ubao wa freti mara moja au mbili kwa mwaka, matone machache tu. Mafuta ya kupikia na ya nazi yasitumike. Yanachacha, yananata na kukusanya vumbi. Ubao mweupe wenye vanishi hauhitaji mafuta yoyote.

Ukungu ukionekana ndani ya tundu, toa nyuzi, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo sana, kausha kwa kitambaa kingine, kisha uliache kwenye chumba chenye hewa, kivulini.

Siyo magitaa yote yanaumwa sawa

Kama bajeti ni ndogo na nyumba haina AC, gitaa la mbao za tabaka, zile zilizogundishwa kama plaiwudi, ni chaguo la busara. Sauti yake huenda isiwe tamu kama ya mbao halisi, lakini halivimbi wala kupasuka kirahisi. Kwa kwaya inayosafiri kwenye daladala na kupiga nje, linafaa kuliko gitaa la gharama linaloharibika kila masika.

Gitaa la umeme lina mwili mnene uliopakwa rangi nzito, hivyo mwili hausumbuki sana. Shingo yake bado inapinda, na Pwani kutu inashambulia skrubu, soketi ya waya na vitufe vya sauti. Ukisikia vitufe vinakwaruza kwenye spika, unyevu na vumbi vimeshaingia.

Wakati wa kumwona fundi

Shingo za magitaa mengi zina chuma ndani yake cha kurekebisha mpindo. Kinazungushwa robo mzunguko tu kwa wakati, kisha gitaa linaachwa litulie. Asiyewahi kukigusa amwachie fundi, maana kikikatika gharama yake ni kubwa. Na kabla ya kurekebisha shingo, hakikisha kwanza unyevu umeshashuka. Vinginevyo fundi anarekebisha masika, na kiangazi gitaa linaharibika upande wa pili.

Chukua kipande cha karatasi ujaribu kukipenyeza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Kikigoma, salama. Kikiingia, legeza nyuzi zote siku hiyo hiyo na umwone fundi. Usiweke supaglu. Inazuia gundi sahihi kushika baadaye, na kazi ya kuikwangua inaweza kuondoka na mbao.

Yule kijana wa Temeke bado anaweza kuliokoa gitaa lake. Atoe sponji, alegeze nyuzi, aweke silika ya kutosha ndani ya boksi lililofungwa, na asome kipima kila asubuhi. Kipima kikirudi karibu na 60 na kutulia hapo kwa wiki kadhaa, uso utakuwa umeanza kushuka, na kwa fundi itabaki kazi ya daraja peke yake.